Mjane Akiposwa, Shauri Lipelekwe Langoni

Matanga yalikuwa hayajaondolewa shemeji yangu mkubwa aliponiita chini ya mwembe wa mamkwe, akafungua Biblia kwenye kitabu cha Ruthu. Akasema kwamba kama Boazi alivyomchukua Ruthu ili jina la marehemu lisipotee, ndivyo na mimi nitakavyochukuliwa na mdogo wake. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichosema, na machozi ya kaka yake yalikuwa bado hayajamkauka. Mimi nilikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya, na mume wangu alikuwa amefia barabarani upande wa Zambia, kwenye barabara ya Mpika, trela likiwa limepakia shaba. Sikumjibu shemeji. Nilirudi Tunduma na watoto na mfuko mmoja wa nguo, na ilinichukua karibu miaka miwili kukisoma kile kitabu mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilifiwa mwaka 2012, Tunduma ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Nikaolewa tena mwaka 2016, mwaka ule ule Mkoa wa Songwe ulipozaliwa. Katikati hapo nilikosea mengi na nikafunzwa mengi. Sasa wajane wananijia, wengine kutoka Mpemba na Chapwa, wengine kutoka Vwawa, Mlowo na hata Kamsamba, wananiuliza jambo moja kwa maneno tofauti: “Mama, nimeposwa. Nifanyeje?” Haya ndiyo ninayowaambia. Nimeyaandika ili na wakwe, wachungaji na watoto wakubwa wayasome, maana mara nyingi tatizo liko kwao kuliko kwa mjane.

Nianze na Ruthu, kwa sababu jina lake linatumiwa vibaya sana. Hakuna mtu aliyemgawia Ruthu mume. Kwanza aliruhusiwa kurudi kwao Moabu, akakataa kwa kinywa chake. Alikwenda kwenye uwanja wa kupuria kwa shauri la mkwewe, lakini kwa miguu yake mwenyewe, na ni yeye aliyetoa neno la ndoa. Boazi hakumwingiza nyumbani usiku ule. Kulipokucha alikwenda langoni mwa mji, akaketi, akaita wazee kumi, akamwita na ndugu aliyekuwa wa karibu zaidi na marehemu. Halafu sikiliza alichoanza nacho: shamba. Alianza na shamba la Elimeleki, nani atalikomboa, nani atalibeba, na mwanamke akafuata baadaye. Yule ndugu wa karibu aliposikia kwamba kuna na mjane, aliogopa kuuharibu urithi wake, akajitoa, na hakuna aliyemlazimisha. Ndoa ikaja mwisho, mbele ya mashahidi, mchana.

Nilipomaliza kusoma niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu jikoni, cheko la kwanza tangu msiba. Shemeji alikuwa amenisomea hadithi ya mwanamke aliyechagua, kana kwamba ni hadithi ya mwanamke aliyerithiwa.

Sisi wa Tunduma tunakaa langoni kweli. Magari hutoka Dar es Salaam hadi hapa, yakavuka Nakonde kwenda Lusaka, Ndola na Lubumbashi. Tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, na bado foleni ya malori hufika mbali. Reli ya TAZARA nayo hupita hapa. Watu hawaishi kuja na kwenda. Mji wa namna hii humpa mjane biashara, na humletea wanaume ambao hakuna anayejua kwao ni wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: mapenzi ya mjane yaende langoni, mchana, mbele ya watu wanaokujua, shamba likiwa limeshazungumzwa.

Mimi nililelewa kwenye Kanisa la Mennonite, upande wa Mara, karibu na Shirati. Hapa Songwe ukisema “Mennonite” wengi hudhani umetamka vibaya “Moravian”, kwa sababu Wamoraviani ndio wameshika mizizi Mbozi tangu zamani za Wajerumani. Kwetu Mara wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, Elam Stauffer na John Mosemann, walianza kazi Shirati mwaka 1934. Na mwaka 1967 Zedekia Kisare aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Tunduma tulikuwa familia chache tu zenye asili ya Mara: wakala wa forodha, mwalimu, wafanyabiashara wa nafaka. Jumapili tulitawanyika kwenye makanisa ya wenyeji. Jumatano jioni tulikutana sebuleni kwa mzee mmoja, mtaa wa Mwaka, tukasoma na kuomba.

Nieleze kwa nini imani hii ina neno kwa mjane. Januari 1525, mjini Zürich, Uswisi, kikundi kidogo cha watu kilikusanyika nyumbani kwa mtu, wakabatizana wakiwa watu wazima, kwa sababu waliamini kwamba hakuna anayeweza kuamini kwa niaba ya mwingine. Kwa ajili ya hilo wengi waliuawa, baadhi kwa kuzamishwa majini. Jina la Mennonite lilikuja baadaye, kutoka kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeuacha upadri mwaka 1536. Lakini chimbuko ni swali lile la Zürich: je, ni wewe unayetaka? Nami nilipobatizwa nikiwa na miaka kumi na sita niliulizwa hivyo hivyo, mbele ya kanisa zima, wazazi wangu wakiwa wamekaa kimya kwenye benchi lao. Kama Mungu mwenyewe hanipokei kwa kujibiwa na baba yangu, inakuwaje ukoo unipeleke kwa mwanamume kwa kujibiwa na shemeji?

Bibi yangu mzaa mama alirithiwa. Kwa Wajaluo wa kwetu desturi hiyo ina jina, *tero*, na ilikuwa na sababu zake: mjane asibaki bila mlinzi, watoto wasitoke kwenye ukoo, shamba lisiuzwe. Siwatukani wazee walioianzisha. Ninachosema ni kwamba mlinzi asiyetakwa si mlinzi, na siku hizi mjane ana njia nyingine za kulindwa, nitazitaja.

Kabla ya hapo, habari ya imani, kwa sababu kwangu ilitangulia mapenzi kwa muda mrefu, na ninaamini ilipaswa kutangulia.

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa nimelisema neno hilo kwa wengine miaka yote. Safari hii liliniingia kama mchanga mdomoni. Nikaacha kuomba. Kanisani nilikwenda kwa ajili ya watoto, nikasimama watu waliposimama, midomo imefungwa. Kama uko hapo, dada yangu, usijilazimishe kushuhudia furaha usiyokuwa nayo. Na usimruhusu mtu akuambie kwamba hujaombewa vya kutosha. Imani iliyopigwa haihitaji kelele.

Wale wa Jumatano hawakunihubiria. Walipoona sifiki, wanawake wawili walianza kuja kwangu siku ya Alhamisi na mahindi yao, tukapukuchua pamoja. Hawakusema tuombe. Walipukuchua, wakanywa chai, wakaondoka. Miezi mingi. Siku moja mmoja aliniambia, “Usipoweza kuomba, tutakuombea sisi; ukiweza, utatuambia.” Nililala vizuri usiku ule.

Kisha ikaja Pasaka. Wamennonite wengi wana desturi ya kutawadhana miguu wakati wa Meza ya Bwana, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanawake huoshana wenyewe kwa wenyewe na wanaume vivyo hivyo. Niliketi kwenye kigoda, na aliyekuja na beseni alikuwa mwanamke niliyekuwa nimekosana naye vibaya kwa ajili ya deni la magunia mawili ya mpunga. Alipiga magoti. Maji yalikuwa ya vuguvugu, alikuwa ameyapasha makusudi. Akaniosha miguu yenye vumbi la stendi, akaifuta kwa kanga yake, hakusema kitu kuhusu mpunga. Nililia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikamwosha yeye. Usiku huo niliomba, maneno matatu au manne tu.

Ninakusimulia hili kwa sababu ya ushauri wenyewe: tafuta watu watakaoiosha miguu yako kabla hujatafuta mwanamume atakayekushika mkono. Si lazima wawe Wamennonite. Wawe Wamoraviani, Wakatoliki, Walutheri, wawe kikundi cha kina mama wa mtaa au cha VICOBA, mradi wasiwe na haraka nawe. Kama wewe ni Mwislamu, eda yenyewe imekupa miezi minne na siku kumi ya kutulia, na wanawake wa msikiti wako wanajua namna ya kukaa na mfiwa. Na jichunge na jambo hili: Mungu na mwanamume wakirudi maishani mwako mwezi mmoja, hutajua unamshukuru nani. Mwanamume akiondoka, ataondoka na Mungu wako. Nimewaona wanawake wa hapa Tunduma wakiacha kanisa moja kwa moja kwa sababu aliyewaleta kanisani aliwaacha. Basi imani itangulie, ijisimamie kwa miguu yake, halafu mapenzi yaikute nyumbani.

Kuna na wale wanaokuja na unabii. “Bwana ameniambia wewe ndiwe mke wangu.” Mjibu kwa upole kwamba Bwana aliyesema naye hashindwi kusema nawe, na utasubiri mpaka akuambie. Wengi hawarudi.

Sasa shamba.

Mjane anayeolewa kabla ya kufunga mirathi ya mume wa kwanza anafunga ndoa juu ya ugomvi. Watoto watasema mama ameleta mwanamume kula mali ya baba. Wakwe watasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Na mume mpya, hata awe mwema vipi, atakaa kwenye kiti ambacho hajui ni cha nani. Nilipoanza kulishughulikia jambo hili niliona aibu, kwa sababu sisi Wamennonite tumefundishwa amani na kutodai kisasi, na nilidhani kwenda mahakamani ni kupigana. Yule mzee wa Jumatano ndiye aliyenirekebisha. Alisema kufungua mirathi si kumshitaki mtu. Ni kuweka taa chumbani ili kila mmoja aone kilichomo.

Anza na cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA kupitia ofisi za wilaya. Kama mumeo alifia Zambia kama wangu, karatasi za hospitali na za polisi za kule usizipoteze, maana bila hizo utazunguka sana. Mimi nilivuka Nakonde mara sita. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, upendekeze msimamizi wa mirathi. Anaweza kuwa wewe, na ninakushauri uwe wewe, au wewe pamoja na mtu wa ukoo. Wakishindwa kukubaliana, mahakama inaweza kuamua. Kwenye Mahakama ya Mwanzo msimamizi hupewa miezi 4 kuleta orodha ya mali, madeni na mgawanyo. Uliza mahakamani mapema ni sheria ipi itakayotumika, kwa sababu hapo ndipo wajane wengi hupoteza kila kitu.

Sheria ya mila iliyoandikwa na Serikali mwaka 1963 humnyima mjane urithi pale ukoo wa mume ulipo, na kumwachia atunzwe na watoto wake. Wajane wawili Watanzania waliipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi lakini haikuzifuta. Shauri likafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao. Hata hivyo si kila mtu mweusi lazima mali yake igawanywe kimila. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi maisha ya Kikristo, mbali na desturi za ukoo, mirathi yake inaweza kwenda kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini: akiacha mke na watoto, mjane hupata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Kwa hiyo mweleze karani wa mahakama mapema mlivyoishi, uliza ni mahakama ipi inayofaa, na chukua cheti chako cha ndoa ya kanisa. Kwa shamba la kijiji, Sheria ya Ardhi za Vijiji ya mwaka 1999 inazuia mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inawalinda watoto wasinyimwe mali ya mzazi wao.

Wake wa madereva nina neno lenu peke yenu. Tangu 2015 kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri huuchangia, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini wategemezi wake wanastahili malipo. Wangu alifariki kabla haujaanza. Wewe wa leo usimsubiri mwajiri akukumbuke. Nenda ulize mwenyewe, na ulize pia NSSF au PSSSF kama alikuwa mwanachama. Na pensheni yoyote unayoipokea kama mjane, uliza kwa maandishi kama kuolewa tena kutaigusa, kabla hujaolewa.

Haya yakiwa yamepangwa, utaona jinsi sauti inavyobadilika unapozungumza na mwanamume. Huombi paa. Unazungumza.

Wangu alikuwa mgane mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mpunga wa Momba, wa Kamsamba na bondeni kule, hupita sana mikononi mwetu sisi wafanyabiashara wadogo, na nilikuwa nampelekea magunia yangu. Kwa miezi niliona mambo mawili tu. Mizani yake haikuwa na ujanja. Na aliwauliza watoto wangu habari zao kwa majina, kila mmoja na lake, hata yule mdogo ambaye wengi walimsahau. Hakuwahi kuja kwangu giza likiingia. Alipotaka kusema neno, alimtuma mzee wa Jumatano na mkewe kama washenga, wakaja saa nne asubuhi, mlango wazi, watoto wakiwa uani.

Tulichumbiana miezi kumi na minne kabla ya ndoa. Wengine walisema ni mingi kwa watu wazima. Naona ilitosha tu. Katika miezi hiyo nilikwenda kwao, nikamwona mama yake, nikaonyeshwa kaburi la mke wake wa kwanza, nikakaa na dada wa marehemu huyo, ambaye aliniambia mambo mawili magumu juu yake, na yote mawili yalikuwa kweli. Mwanamume anayekuzuia usikutane na shemeji zake wa ndoa iliyopita, jiulize anaficha nini.

Hapa mpakani hilo ni la lazima. Mtu anaweza kuwa na nyumba Tunduma, nyumba Nakonde na nyumba Kitwe, na kila nyumba ina mke. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, ndugu kwa ndugu, kwa hiyo habari hupatikana ukiuliza: uliza kanisani kwake, uliza mwenyekiti wa mtaa wake, tuma mtu avuke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na makanisa hutangaza. Wajane wengi wanaona aibu matangazo hayo na kuomba yafupishwe. Usiombe. Zile siku zimewekwa ili mwenye pingamizi aje. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, na aliyefunga moja kanisani, mke yu hai na hawajaachana kisheria, hana nafasi ya kufunga nyingine nawe hata akuonyeshe pete.

Wenzangu wa Uamsho wana msemo wa kutembea nuruni. Uamsho huo wa kiroho ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na ulipofika kwa Wamennonite wa Shirati mwaka 1942, watu walisimama wakayasema wazi yaliyofichwa na kurudisha walivyoiba. Tumia neno hilo kwenye uchumba. Pimeni UKIMWI pamoja, kituo kimoja, siku moja, na rudieni baada ya miezi mitatu. Ukiwa na virusi, sema kabla ya mahari. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakutaka umweleze mwenzi wako, na upendo unataka hivyo pia. Nina rafiki, mjane anayetumia dawa miaka mingi, alimweleza mchumba wake siku ya tatu. Aliyekimbia alikimbia. Aliyefuata alikaa, na leo wana nyumba Sogea, hapa Tunduma.

Fedha nayo iende nuruni. Anayekuomba mtaji kabla ya kukuomba mkono, mpe pole umuage kwa amani. Mali uliyokuja nayo inabaki yako. Ndoa haiihamishi kwa mume, Sheria ile ile ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Hata hivyo ziandikeni, kila mmoja alicholeta, mbele ya wasimamizi wenu. Nasi tulifanya hivyo. Mashine yake, magunia yangu, kiwanja changu, ng'ombe wake watatu. Haikupunguza mapenzi hata kidogo, iliyapumzisha.

Nyumba ya marehemu, watoto wake huiona ni ya baba yao. Ninashauri mume mpya asihamie humo, hata kama mgawanyo umekupa wewe chumba au sehemu. Pangeni kwingine mwanzo. Mtoto akiamka usiku akamkuta mwanamume mwingine kwenye kiti cha baba yake, unamwumiza bila sababu. Usibadilishe majina ya ubini ya watoto. Usiwalazimishe kumwita “baba”. Wangu walimwita “mzee” miaka mitatu, kisha siku moja yule wa kati aliponusurika ajali ya bodaboda alimwita baba hospitalini, na hakuna aliyelitaja. Picha ya marehemu iko sebuleni kwetu. Mume wangu ndiye aliyeitundika.

Sasa nyinyi wakwe. Najua mnaogopa kupoteza wajukuu. Mkimfukuza mama yao, mtawapoteza kweli; mkimwacha achague na kumtembelea, watakuja kwenu kila likizo. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba mjane ana uhuru wa kuishi apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na anayemtaka, hata mila ikisema vinginevyo, na kwa ndoa ya Kiislamu eda ikishapita. Shemeji yangu mkubwa na mimi hatukusemezana kwa mwaka mzima. Mzee wa Jumatano alisafiri hadi kwake kutusuluhisha, siku mbili za basi, akambebea kahawa ya Mbozi. Leo shemeji ndiye baba mkubwa kwenye shughuli zote za watoto wangu, na alikuwa shahidi kwenye mgawanyo wa shamba. Aliniambia kwamba kitabu cha Ruthu alikuwa hajakisoma mpaka mwisho.

Wachungaji na wazee wa kanisa, msiwaharakishie wajane ndoa kwa kuogopa dhambi, wala msiwacheleweshe kwa kuogopa wakwe wenye sadaka kubwa. Mtume Paulo hakumfunga mjane. Muulizeni swali la ubatizo: ni wewe unayetaka? Mwulizeni akiwa peke yake, mke wa mchungaji akiwepo, ndugu wakiwa nje. Na kama amesema hapana, kanisa lisimame naye mbele ya ukoo.

Na kama hutaki kuolewa tena, dada yangu, hilo nalo ni jibu kamili. Mmoja wa wale wawili waliopukuchua mahindi nami ni mjane wa miaka ishirini, ameposwa mara nyingi, amekataa zote, na ndiye anayeongoza maombi yetu ya Jumatano mpaka sasa.

Kwako uliyeposwa wiki hii: mwambie akupe muda, na amtume mshenga, mchana. Kisha nenda kachukue kile cheti cha kifo.